Chachu ya Dirishani

Mapipa mengine yote yalikuwa yametulia. La pembeni lilikuwa linapumua.

Muuguzi alilisikia akiwa bado mlangoni, macho yake yakiwa hayajazoea kivuli cha ndani. Kiwanda cha bia cha shemeji yake kilikuwa banda la gari lililopakwa chokaa, lenye matangi mawili ya chuma, mapipa ya mbao yaliyolazwa juu ya magogo, meza moja ndefu na viti visivyolingana. Nje jua la alasiri lilikuwa kali na mtaa ulikuwa na kelele zake za Jumamosi. Ndani kulinukia kimea kilichokaangwa, sabuni ya vyombo na sakafu iliyotoka kumwagiwa maji. Chini ya hayo yote ilipita sauti ile: pumzi fupi fupi, kama za mtu anayepanda ngazi na mzigo kichwani, halafu kimya, kirefu kiasi cha kumfanya msikilizaji ainue kichwa, halafu pumzi fupi fupi tena.

Kazi yake ilimfundisha kusikia pumzi kabla ya kusikia maneno. Na pumzi za namna ile alizijua. Alizisikiliza mwaka uliopita, majuma mengi, akiwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mdogo wake, mke wa mwenye kiwanda, mpaka alasiri moja kimya kikaja na kisiishe.

"Hilo linachacha," alisema shemeji yake, alipoona anapotazama. "Hewa inatoka pipani, inapita kwenye mpira huu, inaingia kwenye ndoo ya maji. Ndiyo hiyo unayoisikia. Karibu, shemeji. Karibu ukae."

Mtaani walimwita Fundi. Alikuwa amesoma kemia chuo kikuu na kufanya kazi maabara miaka mingi kabla ya kuacha yote ili apike bia nyuma ya nyumba yake, na mkewe alikuwa akisema kwamba ameolewa na mtu mmoja na masufuria saba. Sasa shati lake lilimning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari. Tangu matanga yaishe hakuwa amemwita Muuguzi hata mara moja. Leo alimwita: jioni majirani wangekuja kuonja bia mpya, naye alitaka yeye aionje kwanza.

Mezani alikuwepo tayari Kinyozi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye mkate nusu mbele yake na makombo kifuani.

"Dada, karibu sana," alisema. "Hapa wenye elimu wanaonja, wanatema. Mimi sikusoma, nameza."

"Umeonja ngapi?"

"Nimeanza kuhesabu upya ulivyoingia."

Fundi aliweka vibilauri vidogo mezani. Bia ya kwanza ilikuwa ya rangi ya majani makavu, nyepesi, na uchungu wake ulikuja mwishoni kabisa kama mgeni aliyerudi kuaga. Muuguzi aliisifu na hakuwa anadanganya. Kinyozi alimsogezea mkate.

"Unakula kipande kati ya bia na bia, kinywa kisafike. Huu ni wa Mama Mkate, hapo ng'ambo. Siku hizi kapata mkono. Ni laini, unautafuna huku unaota."

Mkate ulikuwa laini kweli, wenye uchachu kidogo. Muuguzi alikula kipande kikubwa, maana hakuwa amekula mchana. Bia ya pili ilikuwa nyeusi, yenye ladha ya kahawa na ya ganda lililoungua. Ya tatu ilitiwa maganda ya machungwa, na Kinyozi akasema hiyo ni ya wachumba, akanywa yake na ya Fundi. Kwa kitambo ilikuwa alasiri njema. Muuguzi alicheka, akashangaa kujisikia anacheka kwenye nyumba ile.

Lakini sikio lake halikutoka pembeni. Alikuwa pia amemsikiliza Fundi.

"Shemeji, unaumwa?"

"Mimi? Hapana. Ni usingizi. Usingizi tu. Napata," akanyamaza, mdomo wazi, mpaka Kinyozi akaacha kutafuna. "Napata mdogo."

"Ukizungumza unakatika."

"Nimezeeka."

"Hukatiki kizee."

Fundi alichukua bilauri safi, akainama kwenye pipa la pembeni, akafungua koki taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Bia iliyotoka haikuwa na povu. Ilikuwa ya rangi ya asali iliyokaa sana.

"Hii ndiyo ya jioni," alisema.

Muuguzi alionja. Kwanza ulikuja ukali wa siki, kisha utamu. Halafu, kabla hajaamua kumeza, alikuwa amekwisha kumeza, na kinywani mwake hakukuwa na bia tena bali chumba: kafuri, kitambaa cha paji la uso kilicholowa, mafuta ya nywele aliyokuwa akimpaka mdogo wake jioni kwa jioni, shuka lililokaliwa mno, na nyuma ya harufu hizo nyingine moja aliyokuwa ameisahau, harufu kavu na baridi kama ya chungu tupu, ambayo siku zile aliitafuta chini ya kitanda na nyuma ya kabati na kwenye pazia, asiione inakotoka.

Aliweka bilauri chini. Kinyozi naye alikuwa amekunywa.

"Ajabu," Kinyozi alisema polepole. "Hii inanikumbusha mtu, na huyo mtu simjui."

"Shemeji," Muuguzi akauliza, "chachu ya hii umenunua wapi?"

Fundi alikuwa akilisubiri swali hilo tangu aingie, ilionekana usoni.

"Sikuinunua. Ukipika kimea ukaacha maji yake wazi, yapoe yenyewe kwenye chombo kipana, chachu iliyomo hewani hutua. Wapikaji wa zamani walifanya hivyo. Kila chumba kina chachu yake, shemeji. Inakaa kwenye ukuta, kwenye mbao. Inatoka kwenye ngozi ya watu waliolala humo. Kwenye nywele. Kwenye pumzi." Alinyamaza, kifua kikapanda na kukwama, kikashuka. "Baada ya mazishi sikufua shuka. Nilipika kimea, nikalipeleka beseni chumbani kwetu. Nikaliweka dirishani, pale alipokuwa akitazama siku zote. Asubuhi maji yalikuwa yameota utando mweupe."

Kinyozi aliweka bilauri yake chini.

"Nilitaka kitu chake kimoja kilicho hai," alisema Fundi. "Kimoja tu. Nikakitia pipani. Usiku ule ule kikaanza kupumua. Msikilize, shemeji. Wewe uliyemuuguza. Niambie si yeye."

Kinyozi aliusogeza mkate mbali naye bila kuutazama. "Fundi," alinong'ona, "mimi na wewe tumetoka mbali. Hilo ni jini."

"Usitaje hivyo nyumbani kwangu."

"Basi silitaji. Lakini limekaa pale."

Muuguzi alikuwa akifikiria dirisha. Alasiri ile ya mwisho Fundi alikuwa huku bandani, sufuria ikiwa motoni, na mdogo wake alimshika mkono akamwambia jambo. Homa ilikuwa juu. Muuguzi aliona ni maneno ya homa, kama aliyoyasikia kwenye vitanda vingine vingi, na maneno ya homa hapelekewi mfiwa. Sasa alimtazama shemeji yake, mifupa ya shingo yake, midomo iliyoanza kuwa na rangi ya majivu, akaelewa kwamba akikaa kimya atamzika huyu naye, na baada yake wale watakaokuja jioni na vibilauri vyao.

"Shemeji, hakuwa akipenda kutazama dirisha," alisema. "Alikuwa akimtazama aliyekaa dirishani."

Fundi aligeuka.

"Alinishika mkono. Akasema, dada, mwambie huyo wa dirishani aache kuhesabu pumzi zangu. Nikatazama, sikuona mtu. Akasema, anahesabu, na akifika anapotaka atazichukua."

Pipa likanyamaza.

Hakikuwa kimya kile cha katikati, cha kusubiri. Kilikuwa kimya cha mtu aliyesikia jina lake chumba cha pili. Kelele za mtaa nazo zilikuwa zimerudi nyuma, kana kwamba mtu amefunga mlango mzito, ingawa mlango ulikuwa wazi na jua lilikuwa limelala sakafuni hapo hapo. Bia iliyobaki kwenye vibilauri vyao, isiyokuwa na povu, ikatoa povu. Likapanda mpaka ukingoni, likasimama, likashuka. Likapanda tena. Na kutoka kwenye ndoo, chini ya maji, ikaja sauti ya mwanamke, ya mdogo wake hasa, na ule mkwaruzo mdogo aliokuwa nao tangu utotoni.

"Moja," ikasema.

Muuguzi alivuta pumzi kwa mshtuko.

"Mbili."

Aliitoa, akavuta nyingine bila kutaka.

"Tatu."

"Unasikia," Fundi alinong'ona, na machozi yalikuwa yanamtiririka huku anatabasamu. "Ni sauti yake. Unaisikia na wewe."

"Ni sauti yake," alisema Muuguzi. "Lakini anayehesabu si yeye. Yeye ndiye aliyekuwa anahesabiwa."

"Nne. Tano."

Kinyozi alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa ikisema sala zote bila mpangilio. Fundi alilisogelea pipa akaliwekea kiganja, na Muuguzi aliona, au jicho lake lilimdanganya, mbao zikivimba kidogo kukifuata kile kiganja, kama ubavu wa mnyama anayepapaswa.

"Mama," alisema Fundi. Ndivyo alivyokuwa akimwita mkewe. "Mama, ni mimi."

"Sita," ikajibu, alipomaliza kuvuta hewa ya kusemea.

Fundi alikuwa mtu wa vipimo, hata katika huzuni. Alisimama pale na kuziba pua na mdomo, akamfanyia Muuguzi ishara naye afanye hivyo, na Kinyozi, na wote watatu wakakaa bila kupumua huku bilauri zikiwa zimejaa povu lililosimama ukingoni, na ndoo ikawa kimya, ikisubiri. Fundi akaachia pumzi peke yake. "Saba." Akaziba tena. Kimya. Akaachia. "Nane." Alirudia mpaka uso wake ukawa mweusi wa damu, akitafuta kosa kwenye kipimo chake, akiomba kosa, na kila mara namba ilikuja mahali pake bila kukosea, laini, yenye subira.

Mwishowe aliondoa mkono pipani.

"Mke wangu," alisema, "akihesabu mayai alikuwa anachanganyikiwa akifika sita. Anaanza upya. Siku zote anaanza upya." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Kinyozi, washa jiko la gesi. Lile kubwa."

Chachu haifi kwa kumwagwa. Hilo walilijua wote wawili, mkemia na muuguzi. Ukiimwaga kwenye mtaro inapata mtaro. Inakufa kwa moto. Waliweka sufuria kubwa ya kupikia kimea jikoni, wakaunga mpira kwenye koki, na bia ya rangi ya asali ikaanza kumiminika huku sauti ikiendelea kuhesabu, si kwenye ndoo tena bali ndani ya mpira, kisha ndani ya sufuria, ikitaja pumzi za Muuguzi peke yake sasa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akikoroga na uso wake ulikuwa juu ya mvuke, na kadiri moto ulivyopanda ndivyo alivyohema, na kadiri alivyohema ndivyo namba zilivyokimbia, mia, mia na ishirini, mia mbili, ile sauti ya utotoni iliyowahi kumwita aje afungue mlango wa choo, aje amfunge viatu, aje amwone amepanda juu, sasa ikitaja namba tupu bila kuchoka, na harufu ya chungu tupu ikajaa banda zima hata Kinyozi akatapika kwenye beseni la vyombo, na Fundi, ambaye hakuwa amelia mazishini, akasimama na kifuniko mkononi akitazama kitu cha mwisho kilicho hai cha mkewe kikianza kuchemka pembeni pembeni, kisha katikati, kisha pote, na akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, Mama," ingawa alijua kwamba hazungumzi na yeye, akafunika.

"Mia tatu na sita," ikasema sauti chini ya kifuniko.

Halafu maji yakawa maji yanayochemka, basi.

Waliyaacha motoni mpaka sufuria ikabaki na utando wa kahawia. Wakachemsha maji mengine, wakamimina pipani, wakachemsha koki na mpira na vibilauri. Majirani walipofika, Kinyozi alisimama getini akawaambia koki imeziba na Fundi kaziba nayo, waende zao, na wengine walicheka. Fundi alikaa kwenye kreti lililopinduliwa. Alilia kwa muda mrefu, kwa sauti, na pumzi zake zilikuwa ndefu na za kawaida. Muuguzi alizisikiliza moja moja mpaka akaridhika.

"Imebaki mahali?" alimuuliza.

"Pipani hamna kitu," alijibu Fundi.

Muuguzi alilala kwenye nyumba ile, chumba cha wageni, na alilala kama gogo.

Asubuhi ilikuwa safi, mtaa umefagiliwa. Muuguzi alikuta mlango wa chumba cha Fundi wazi na kitanda kimetandikwa, akafikiri ametoka kunyoosha miguu, na ilikuwa dalili njema. Akavuka barabara kununua mkate wa chai.

Kwa Mama Mkate kulikuwa na foleni. Watu walisimama na mifuko yao, wametulia kuliko watu wa foleni. Mama Mkate mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa mikono myeupe kwa unga, na alimtambua mara moja.

"Wewe ni dada yake marehemu. Mmefanana vidole. Pole sana, mwanangu. Ngoja nikupe wa moto."

"Watu wanausifu mkate wako."

"Si mimi. Ni chachu." Alishusha sauti kama anayetoa siri ya jikoni. "Kanipa shemeji yako, tangu mwaka jana. Wapika bia hawakosi kuweka akiba ya chachu kwa jirani. Yao ikiharibika wanakuja kuifuata. Mimi naitunza, nailisha unga kila siku, na mkate nao unapata. Kila mtu kafaidika."

Muuguzi alitazama nyuma yake. Juu ya meza, pana kama kitanda, unga uliokandwa ulikuwa umefunikwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilipanda kidogo, kikashuka. Kikapanda, kikashuka, fupi fupi. Halafu kikatulia. Kikatulia mpaka akainua kichwa, na alipoinua kichwa aliona foleni yote, yule mwenye mtoto mgongoni, yule wa baiskeli, wazee wawili wa mlangoni, mabega yao yakiwa yamesimama, vinywa wazi kidogo, wakisubiri bila kujua kwamba wanasubiri. Kitambaa kikapanda. Mabega yakapanda.

Kinywani mwake ukarudi uchachu wa mkate wa jana, vipande vyote alivyokula kati ya bia na bia ili kinywa kisafike.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Fundi akaingia. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi. Mkononi alishika chupa ya kioo ya mdomo mpana, iliyooshwa vizuri, bado inanuka sabuni. Alipomwona shemeji yake alisimama, lakini hakuificha chupa.

"Najua si yeye," alisema. "Kipimo nilikifanya mwenyewe. Najua, shemeji." Alinyamaza, kifua kikakwama, kikashuka. "Lakini sauti ni yake. Sina kwingine pa kuisikia. Kidogo tu. Nitaiweka ndani, sitampa mtu."

Muuguzi alivuta pumzi ili amjibu.

"Mia tatu na saba," akasema mdogo wake, chini ya kitambaa.